Uso Aliouacha Muyinga

Katika soko la Gitega, upande wa wauza manukato na mafuta ya nywele, kulikuwa na kibanda ambacho hakikuhitaji bango. Bango lilikuwa uso wa mwenyewe. Zaituni binti Salima, mke wa Houssein fundi cherehani wa mtaa wa Yoba, alikaa nyuma ya meza yake tangu asubuhi, uso unang'aa rangi ya andazi lililotolewa kwenye mafuta mapema kidogo, na wanawake walipomwona walisimama wenyewe. Hakuwa na haja ya kuita mtu.

Na kazi yake aliijua, hilo tusimnyime. Mwanamke akija akisema anataka sabuni ya uso, Zaituni hakukimbilia kumpa. Alimketisha kwenye kigoda, akachana kipande cha karatasi laini, akakibandika kwenye paji la uso, akakishikilia kwa kidole huku akimuuliza habari za watoto. Kisha alikiinua kwenye mwanga. Karatasi ikiwa na doa la mafuta, huyo ni wa jeli, ile inayokausha. Ikiwa kavu kama ilivyokuwa, huyo ni wa maziwa, yale mazito yanayopakwa usoni na kufutwa kwa pamba. Ikiwa na mafuta katikati na ukavu pembeni, Zaituni alijikuna kichwa, akampa povu la chupa ya kubonyeza, akamwambia arudi baadaye wazungumze. Sabuni za kipande zilikuwapo pia, kwa wale wasiotaka maneno mengi.

Lakini karatasi ilikuwa heshima ya kuanzia tu. Baada ya hapo mteja aliangalia kushoto na kulia, akashusha sauti, akauliza alichokuja kuuliza.

"Mama, na we mwenyewe unaoshaka na nini?"

Hapo ndipo zilipotoka zile za chini ya meza: sabuni ya karoti, sabuni ya papai, na nyingine zisizo na jina la mmea wowote, zilizoingia kwa mpaka wa Kobero pamoja na ndala na sufuria. Hizo hazikuwa za kusafisha uso. Zilikuwa za kumhamisha mtu kutoka rangi moja kwenda nyingine, na Zaituni alizieleza vizuri sana kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuhama.

Maana hakuzaliwa hivyo. Alizaliwa Muyinga, mweusi hasa, weusi wa kuvutia unaomfanya mtu ageuke atazame tena. Mama yake siku hizo aliuza vitambaa, kaniki nyeusi zikiwamo, na alipowekewa mtoto mikononi alicheka, akasema hii ni kaniki, tena mpya, haijaguswa na maji. Jina likakaa. Baba alimwita Zaituni, mwalimu wa madrasa alimwita Zaituni, lakini kwa mama alikuwa Kaniki, na katika kinywa cha mama jina hilo halikuwa utani hata kidogo. Bi Salima aliliita kutoka jikoni, aliliita kutoka kwenye mkeka wa sala alipokwisha kutoa salamu, aliliita barabarani mbele ya watu. Msichana alikua akijua kwamba weusi wake ni mali ya nyumba.

Mambo yalibadilika sokoni, miaka kadhaa iliyopita, kwa swali la mteja mmoja tu. Mwanamke huyo alishika sabuni ya karoti, akaitazama, akamtazama muuzaji, kisha akasema kwa sauti ya kusikiwa na kibanda cha tatu, "Kama hii savon iko na nguvu, mbona we mwenyewe iko inakushinda?" Watu walicheka. Zaituni naye alicheka. Alipofunga kibanda siku hiyo, alitia kipande kimoja kwenye mkoba.

Biashara ilipanda, uongo haufai. Wanawake walikuja na kumwonyesha kwa kidole, wakasema nataka kuwa kama huyu. Houssein alimtazama mkewe akibadilika mwezi baada ya mwezi na hakusema kitu. Fundi cherehani ana pini mdomoni mchana kutwa, na huo ni udhuru mzuri kwa mwanamume asiyependa ugomvi. Mara moja tu alizitoa pini akasema nilioa mke mmoja, sasa naona nina wawili, na mahari nilitoa ya mmoja. Zaituni alimrushia kitambaa. Vifundo vya vidole tu ndivyo vilivyokataa kuhama, vikabaki vyeusi, naye akajizoeza kuvificha chini ya mtandio alipopigwa picha.

Bi Salima alipoona uso ule mara ya kwanza, sikukuu moja ya Idi, alinuna siku nzima. Lakini alimjua mwanawe. Alimwita Kaniki vilevile, ila kwa kuguna kwanza, kana kwamba anasahihisha kosa la mtu mwingine.

Kisha ukaja ugonjwa wa kusahau. Uliingia kwa mzee polepole, na ulichagua vya kuchukua. Ulichukua kwanza yale mambo ya karibuni: bati jipya, msiba wa jirani, watoto waliozaliwa juzi. Yale ya zamani uliyaacha mahali pake, safi kabisa, na Bi Salima akawa anaishi humo. Latifa, mdogo wake Zaituni, ndiye aliyekaa naye Muyinga, na ndiye aliyepiga simu.

"Dada, mama iko anakuulizia tu. Asubuhi Kaniki, mchana Kaniki. Njoo."

Kuja nako kulikuwa kazi siku hizi. Mafuta ya gari yalikuwa yakipatikana leo na kukosekana kesho, na watu walilala kwenye vituo wakingoja. Zaituni alipata nafasi katika gari la mtu aliyekuwa anapeleka mabati, wakapita Karuzi, akafika Muyinga mabega yakiuma na mkoba umejaa zawadi. Alimkuta mama yake sebuleni, amevaa kanga safi, amekaa wima.

"Karibu, mama," alisema Bi Salima. "Kaa. Umetoka mbali?"

"Mama, ni mimi. Zaituni."

"Zaituni wa nani?"

"Wako, mama. Kaniki."

Bi Salima alitabasamu kwa adabu, tabasamu la mtu anayeona mgeni amekosea nyumba na hataki kumwaibisha. "Kaniki wangu iko mweusi," alisema. "Latifa, letea mgeni chai."

Zaituni alisogea, akamshika mkono, akaanza kumweleza. Alimtajia baba, alimtajia mtaa, alimtajia kovu la goti lake mwenyewe. Kadiri alivyosema ndivyo mama alivyozidi kukunja uso, mpaka akauchomoa mkono wake.

"Hiyo sauti umeitoa wapi?" aliuliza. "Unasema kama mtoto wangu. Si vizuri kuiga mtoto wa mtu."

Latifa alileta chai katika kikombe chenye kisosi, kile cha wageni, kwa sababu mama alikuwa anaangalia na angekasirika kikiletwa kingine. Ikabidi Zaituni ainywe. Na mama, alipoona mgeni ametulia na hana ubaya, akalainika, akaanza kumsimulia habari za binti yake.

Alimsimulia vizuri kuliko mtu yeyote alivyowahi kumsimulia. Kaniki akicheka unaona meno kwanza, halafu ndipo unamwona yeye. Kaniki akitumwa dukani anarudi akiimba. Kaniki hakuwa mtoto wa kulialia, na nilipompaka mafuta ya mawese baada ya kuoga aling'aa mpaka majirani wakaniuliza nampaka nini. Zaituni alisikiliza yote hayo akiwa amekaa karibu kiasi cha kugusana magoti. Alikuwa anasifiwa na mama yake mzazi na hakuruhusiwa kuingia ndani ya sifa hizo. Aliona wivu, na aliyemwonea wivu ni yeye mwenyewe.

"Iko Gitega sasa," alimalizia Bi Salima. "Ameolewa na fundi. Hajanijia siku mingi. We unaenda Gitega? Ukimwona, umwambie sina neno naye. Aje tu."

"Nitamwambia," alisema Zaituni, kisha akaenda uani akalia akiwa ameshika ukuta.

Latifa alimfuata na kitambaa. Alikuwa na wazo, kama kawaida yake. "Dada, kwa simu sauti yako anaijuaka. Vaa nikabu. Asikie sauti, uso asione."

"Oya, hapana," alisema Zaituni. "Mi nataka anione."

Hilo ndilo alilorudi nalo Gitega, na tangu siku hiyo hakutaka jambo lingine duniani: mama amtazame usoni, amwite Kaniki, kabla ule ugonjwa haujachukua na hilo jina.

Asubuhi yake alifungua kibanda na, badala ya kukaa nyuma ya meza, akakaa mbele, kwenye kigoda cha wateja. Ni ajabu kukaa upande ule. Chupa zilizokuwa zake sasa zilimtazama kama zilivyowatazama wengine, kila moja na maneno yake. Hii inang'arisha. Hii inaondoa madoa kwa siku chache. Hii inaleta ujana. Alizitazama zote na hakuona hata moja iliyosema inarudisha mtu alipotoka.

Hapo akafanya kosa ambalo mtu asiyeuza sabuni hawezi kulifanya. Kwa miaka alikuwa amewaambia wanawake kwamba karoti inampa mtu wekundu wa karoti na papai inampa mng'ao wa papai. Alikuwa amelisema mara nyingi mno hata yeye akawa analiamini. Basi macho yake yalipotua kwenye sabuni ya mkaa, nyeusi tititi, ambayo vijana wenye chunusi ndio walioinunua, moyo wake uliruka. Karoti ikileta wekundu, mkaa utaleta nini?

Akaosha kwa mkaa. Akaosha asubuhi, akaosha mchana nyuma ya kibanda kwa maji ya dumu, akaosha jioni kwa dodoki akisugua kama anayesugua sufuria iliyoungua. Na akaketi juani kichwa wazi, akidhani jua litasaidia. Houssein aliuliza mara moja kama kuna mtu amemkosea. Baada ya siku si nyingi uso ulikuwa mwekundu, umekaza, unawasha, na kwenye mashavu ngozi inabanduka vipandevipande. Hakukuwa na dalili ya Kaniki popote.

Alikwenda farmasi ya pembeni mwa soko amejitanda mtandio mpaka puani. Aliyeuza pale aliitwa Martha, mwana wa wakimbizi waliorudi, aliyelelewa kambini Tanzania na kurudi na Kiswahili ambacho watu wa soko walikiita cha redioni. Martha alimwambia ashushe mtandio. Alipoona, alijitahidi asicheke, akashindwa.

"Samahani, dada. Mkaa unachukua mafuta ya ngozi. Rangi hauna ya kumpa mtu. Na wewe mafuta huna tena ya kuchukuliwa."

"Mi nataka rangi yangu irudi."

"Ngozi inaijua rangi yake, huna haja ya kuifundisha. Wewe acha zote. Ya karoti, ya mkaa, na zile za chini ya meza ambazo unadhani sizijui. Usisugue. Usikae juani, utatoka madoa. Osha kwa kitu kisichofanya chochote, kisha ungoje."

"Ningoje mpaka lini?"

"Miezi. Labda mwaka. Na pengine isirudi yote."

Zaituni alikaa kwenye benchi la wagonjwa. Alimweleza habari ya Muyinga, chai ya wageni na yote. Martha hakucheka tena. Alipanga upya visanduku ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari, kisha akasema kwamba mama yake alizikwa kule kambini, na siku hizi hata kambi yenyewe haipo, ni msitu. "Mimi hata nikiwa na uso wowote hakuna wa kunitazama," alisema. "Wako yupo Muyinga. Kanawe, dada yangu."

Kitu kisichofanya chochote. Zaituni alikuwa nacho, na alijua kiko wapi: rafu ya chini kabisa, nyuma ya mafuta ya nywele. Kilikuwa chupa nyeupe ya maziwa ya kusafishia uso, haina picha ya mwanamke, haina ua. Ilikuja katika katoni la mchanganyiko na haikupata mteja, kwa sababu maandishi yake ya Kifaransa yalitaja tu visivyokuwamo: manukato hamna, pombe hamna, rangi hamna. Wateja waliosomewa walisema, sasa kama haina kitu mbona inauzwa, na Zaituni alicheka pamoja nao. Alipangusa vumbi kwa upindo wa kitenge, akaitia mkobani.

Ilimpa taabu kuizoea. Miaka yote alikuwa amejua kwamba sabuni inayowasha ndiyo inayofanya kazi, na maziwa haya hayakuwasha. Aliyaweka kiganjani, akayapaka taratibu kwa ncha za vidole, akasuuza kwa maji vuguvugu, akajikausha kwa kanga kuukuu kwa kugusagusa bila kufuta. Hakusikia chochote. Alijitazama kiooni, na kiooni hakuona chochote. Kesho yake akafanya hivyohivyo. Kumbe kungoja ni kazi, tena ngumu kuliko kusugua.

Uso kabla ya kupona uliharibika zaidi. Ulitoa chunusi, ukawa na mabaka, huku mweupe, huku kahawia, huku mwekundu. Usiku wa kuamkia Ijumaa moja aliwashwa mpaka akatamani kuirudia ile ya karoti, aipake mara moja tu, atulie. Hakuirudia. Sokoni bango lilikuwa limeanguka, na wateja walipita wakienda kwa jirani. Mmoja wa zamani alisimama akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Uso yako iko na nini, mama?"

"Iko inarudi kwao," alisema Zaituni.

Hakuwa mtakatifu ghafla. Zile za chini ya meza alizimaliza kuziuza, ila hakuagiza nyingine, kwa sababu kila alipoulizwa anaosha na nini aliona aibu kudanganya na mabaka yale yakiwa wazi. Alionyesha chupa nyeupe. Wengi waliguna wakaondoka. Wachache, hasa wale ambao uso wao ulikuwa umekwisha kuwashika pabaya, walikaa kwenye kigoda wakauliza maswali, na kwao hakubandika karatasi kwenye paji. Aliwaambia wanyamaze kidogo, wasifanye kitu, wangoje. Ni maneno magumu kuyauza.

Kwa simu alizungumza na mama kila alipoweza. Kwa simu mambo yalikuwa mazuri, kwa sababu hakuna uso.

"Kaniki, mbona hauji?"

"Niko nakuja, mama. Niko nanawa uso."

"Nawa haraka basi."

Akikata simu alitamani kuwa mtoto tena, atumwe dukani, arudi akiimba. Alitamani hata kile kichapo alichopigwa alipopoteza kitambaa cha watu. Hamu hiyo ilimkaa kifuani saa zote, akipima unga, akifagia, akiwa kwenye sala, na haikuwa na dawa Gitega nzima.

Yakawa mashindano. Uso wake ulikuwa unarudi polepole, na mama yake alikuwa anaondoka polepole. Weusi ulianza pembeni, karibu na masikio, ukashuka kwenye taya, ukaingia mashavuni kwa madoa madoa kabla ya kuungana. Huku Latifa akasema mama hali vizuri. Weusi ukashika paji. Latifa akasema mama ameuliza jana Latifa ni nani. Siku moja simu ilipokelewa na Zaituni akaita, "Mama," na upande wa pili ukasema, "Nani?" Alijitaja. Alijitaja kwa majina yote mawili. Mama aliguna, akasema, "Subiri kidogo," akaiweka simu mahali, na Zaituni akasikiliza kuku wa Muyinga mpaka simu ilipokatika.

Sauti imekwenda, aliwaza. Umebaki uso.

Jioni hiyo Houssein alikuwa anapima koti la mteja, akageuka kumwomba chaki. Akamtazama mkewe. Akatoa pini moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mto wake wa pini, mpaka mdomo ukawa mtupu.

"Sasa nakuona," alisema.

Zaituni alikwenda kwenye kioo cha chumbani. Mabaka mawili yalikuwa bado yapo chini ya macho, na Martha alikwisha kumwambia hayo huenda yakabaki. Lakini mengine yote yalikuwa yamefika. Uso na vifundo vya vidole vilikuwa rangi moja. Alitandaza mkono shavuni na hakuona mahali mkono ulipoishia. Alilia na kucheka, na Houssein akaenda kumtafutia gari.

Alifika Muyinga jua limepanda. Latifa alimfungulia, akarudi nyuma hatua, akaziba mdomo kwa kiganja. Alimwonyesha uani kwa kidevu.

Bi Salima alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha juani. Alikuwa amepungua sana, kanga imemzunguka mara mbili. Zaituni alivua viatu, akaurudisha mtandio nyuma ili uso wote uwe wazi, akaenda akapiga magoti mbele yake. Hakutoa salamu. Sauti alikuwa anaiogopa tangu siku ile ya kikombe na kisosi, na alitaka uso utangulie.

Mama akamtazama. Alimtazama muda, macho yakipita kwenye paji, kwenye pua, kwenye mdomo, yakirudi. Kisha kitu kikaanza kufunguka katika ule uso wa kizee. Midomo ilitetemeka, macho yakajaa maji, na furaha ikamwingia, furaha ileile ambayo Zaituni alikuwa ameingoja miezi yote ile kiooni. Bi Salima aliinua mkono, akamgusa shavu.

"Mama," alisema.

Zaituni hakuelewa. Alidhani anaita mtu mwingine, akageuka. Nyuma yake alikuwapo Latifa peke yake.

"Anaona bibi," Latifa alisema taratibu. "We uko sawa na bibi."

Bibi yao, mama mzazi wa Bi Salima, alikuwa amefariki Zaituni akiwa mdogo. Alimkumbuka kidogo tu, mwanamke mweusi mwenye kukohoa kabla ya kusema, na wakati huo alikuwa amepita hamsini kidogo, umri uleule alionao Zaituni sasa. Zaituni alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa miaka. Uso alioutafuta ulikuwa umezeeka huko ulikofichwa. Kaniki aliyengojwa katika nyumba ile alikuwa msichana, na msichana huyo hakuna maziwa wala sabuni ya kumrudisha.

Maneno yalimjia mpaka kwenye ulimi: si bibi, ni mimi, nitazame vizuri. Lakini Bi Salima alikuwa amekwisha kuegemea, ameweka kichwa kifuani pake, na mwili wake wote umelegea kama wa mtoto aliyechoka kulia. Zaituni hakukumbuka lini mara ya mwisho mama yake alipumzika hivyo juu ya mtu. Akamzungushia mikono.

"Umekawia, mama," Bi Salima alisema. "Mi nilikuwa peke yangu."

"Nimefika," alisema Zaituni.

"Utarudi tena?"

"Siendi."

Mzee alitulia. Latifa alikuwa ameegemea mlango analia bila sauti. Baadaye Bi Salima aliinua kichwa, uso umechangamka, akawa na habari njema ya kumpa mama yake.

"Niko na mtoto, mama. Iko mweusi kama we. Mimi namwitaka Kaniki." Akamshika Zaituni mkono kwa nguvu, asije akainuka. "Usiondoke kwanza. Atakuja, na mi nataka umwone."

Zaituni aliketi vizuri kwenye mkeka, akamvuta mama yake karibu, wote wawili wakaelekea mlangoni.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Tumngoje."